Makozi wa Bi Chanuo

Siku ya kwanza alipowajua makozi, ndege wanaowinda ndege wenzao, Bi Chanuo aliwachukia. Alikuwa ameanika taulo za saluni kwenye kamba ya dirishani, taulo nyeupe alizozifua kwa mkono kwa sababu mashine ilikuwa imegoma tena. Alipokwenda kuzianua, akakuta juu ya taulo moja kichwa cha njiwa. Kichwa kitupu, njiwa mwenyewe hayupo. Jicho li wazi, linamtazama.

Akapiga yowe lililowainua wateja vitini na rola zao kichwani. Kisha akashika kiuno na kutazama nje. Ng'ambo ya barabara, kwenye mnara wa maofisi, chini kidogo ya paa, ndege mmoja alikuwa amesimama kwenye ukingo wa ukuta, mgongo wa kijivu, kifua chenye mistari, ana sharubu nyeusi kama mtu wa kazi za maana. Alikuwa akinyonyoa kiwiliwili cha njiwa bila haraka yoyote, na manyoya yanapeperuka kuelekea saluni.

"Wewe!" Bi Chanuo akamfokea kutoka ghorofa ya sita. "Kula vyako, na makombo utupe kwako!"

Ndege akageuza shingo, akamtazama sawasawa, akarudi kwenye chakula chake. Baadaye Bi Chanuo alikuwa akisema kwamba pale ndipo alipotekwa. Mtaa mzima ulikuwa ukimwogopa yeye na mdomo wake, na kiumbe kile hakikupepesa hata jicho. "Nikasema, huyu tutaelewana."

Jina la Bi Chanuo hakupewa kwa sababu ya ususi peke yake. Chanuo hupita penye fundo, na mdomo wake vivyo hivyo: palipouma ndipo ulipopita. Mumewe alifariki kwa ugonjwa wa figo wakati bado wana mipango mingi, na mazishi hayajapoa, ndugu wa mume wakaja kikao. Walitaka mama yao mzazi, aliyekuwa akiishi na mwanawe huyo, awe anazungushwa: kwa huyu muda fulani, kwa yule muda fulani. Bi Chanuo aliwasikiliza mpaka mwisho, akakusanya vikombe vya chai.

"Mama si kabati la kuhamishwa hamishwa," akasema. "Ana chumba chake hapa. Anayemtaka, aje kumsalimia."

Walimsema kwamba anataka kuwashikia nyumba. Wiki ileile alinunua godoro jipya la mama mkwe wake, na wawili hao wakaendelea kuishi kwa kugombana kila asubuhi kuhusu sukari na kila jioni kuhusu sauti ya redio. Mtu wa nje angedhani hawaivi. Lakini mmoja akikohoa, mwingine alikuwa hapati usingizi.

Basi, siku chache baada ya kisa cha taulo, Bi Chanuo alichungulia barabarani akaona watu wamesimama kando ya duka la miwani, wameelekeza darubini juu, akadhani ni dirishani kwake. Akashuka ngazi zote na kitana mkononi.

"Nyie wazima nyie! Mnachungulia wanawake saluni?"

Mmoja wao, mzee mwembamba mwenye kofia, akaivua. Alikuwa dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, na hata kustaafu kwake hakukumwondolea ile tabia ya kusema taratibu mbele ya mtu aliyepandwa na jazba.

"Samahani sana, binti yangu. Hatukuangalii wewe. Tunamwangalia mama mzazi pale juu."

"Mama mzazi gani?"

"Kozi. Ana makinda. Sisi tunajitolea tu, tunapokezana zamu. Wakianza kujifunza kuruka, wengine huanguka barabarani, na huku magari hayana huruma. Tunawaokota, tunawarudisha juu." Akamnyooshea darubini. "Hebu tazama."

Akatazama. Mwanzoni hakuona kitu ila ukuta mchafu. Kisha vitu vitatu vyeupe vikatikisika, kama pamba iliyopulizwa, na kila kimoja kikafungua mdomo. Yule mama akainama na kuwagawia nyama vipande vidogo vidogo, mmoja baada ya mwingine, na aliyetaka kula mara mbili akarukwa.

"Kumbe anajua kulea," Bi Chanuo akasema polepole. Halafu akarudia sauti yake ya kila siku. "Na hapa chini mnaona nini? Shingo zitawavunjika bure. Dirisha langu linatazamana nao uso kwa uso. Njooni. Ila mwanamume akiingia saluni kwangu, macho yake yakae dirishani. Yakihamia kwingine nitayanyoa."

Hivyo ndivyo saluni ya ghorofa ya sita ilivyogeuka kuwa kituo cha zamu. Dereva mstaafu alikaa kwenye stuli ya dirishani asubuhi, akiwapa wateja mgongo kama mtu aliyeadhibiwa. Mchana alikuja mwalimu wa chekechea, mwanamke mnene mcheshi, akitoka kazini na rangi za watoto mikononi. Na wateja nao, taratibu, wakaanza kuomba darubini wakisubiri nywele zikauke. Kukawa na ubishi kuhusu kinda yupi ni mlafi na yupi ni mzembe. Mama mkwe alipoletwa siku moja kuoshwa nywele, aliambiwa kwamba kati ya wale makozi wawili wakubwa, yule mdogo kuliko mwenzake ndiye dume, na ndiye anayewinda wakati mama anawakalia watoto.

"Mume mdogo hivyo na kila siku analeta nyama," akasema bikizee. "Wangu alikuwa jitu zima, akileta maneno."

Mambo yalikuwa yakienda vizuri hivyo mpaka meneja alipopanda ngazi. Huyu ndiye aliyesimamia mnara wa maofisi na pia jengo lenye saluni, kwa sababu mwenye mali alikuwa mmoja. Kijana wa suti, ananukia vizuri, amezoea kuzungumza huku akitazama simu.

"Nimesikia kuna watu wanashinda hapa kuangalia ndege," akasema. "Naomba niwaeleze mapema msije mkalalamika. Wiki ijayo mafundi wa kamba wanaosha ukuta wa mnara na kupaka rangi. Ule uchafu wa pale juu utatolewa."

"Uchafu gani?" akauliza Bi Chanuo, mikono ikiwa ndani ya nywele za mteja.

"Hao ndege."

Dereva mstaafu akageuka, akafafanua kwa upole kwamba makinda yanakaribia kuruka, kwamba ni suala la wiki chache tu, na kwamba watu wa wanyamapori wamekwisha arifiwa na wameahidi kuja. Meneja akatabasamu.

"Wakija nitawapokea. Mzee wangu, jengo haliendeshwi kwa saa ya ndege."

"Basi wiki hizi chache," Bi Chanuo akasema, "litaendeshwa kwa saa yangu."

Meneja alidhani ni utani wa saluni. Hakumjua mtu anayesema naye.

Mafundi walipokuja na kamba, ndoo na mashine ya maji, walikuta kundi la watu limesimama mbele ya mlango wa mnara. Hawakuwa na mabango wala vipaza sauti. Alikuwepo dereva na kofia yake, mwalimu wa chekechea, watu wengine wa zamu, na nyuma yao wanawake wa saluni, mmoja na rola, mwingine na dawa ya nywele imefunikwa kwa mfuko wa plastiki. Bi Chanuo alikuwa mbele, mikono kifuani.

"Nyumba yenye wachanga haibomolewi," akamwambia kiongozi wa mafundi. "Wewe una watoto?"

"Ninao, mama, lakini mimi nimetumwa tu."

"Basi panda ukamwone aliyezaa, umweleze kuwa umetumwa tu."

Fundi alikuwa mtu wa kazi, akapanda. Akatoa kichwa na mabega nje ya ukingo wa paa ili afunge kamba. Kozi jike, aliyekuwa angani, akabana mbawa na kushuka. Watu chini walisikia mvumo kama kitambaa kinachochanwa. Kofia ngumu ya fundi ikagongwa, ikazunguka hewani na kutua katikati ya barabara. Muda si mrefu, fundi mwenyewe alikuwa chini, anakusanya kamba zake.

"Bosi," akamwambia meneja, "mimi nina mke na watoto wanaonisubiri nyumbani. Akitoka yule pale juu, utanipigia simu."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Meneja hakucheka. Alimvuta Bi Chanuo pembeni, na safari hii hakuangalia simu.

"Mama, mkataba wa chumba chako unaisha mwezi huu. Nikiona tena hawa watu dirishani kwako, au nikikuona wewe mlangoni kwangu, sitauhuisha. Fikiria."

Jioni ile Bi Chanuo alifika nyumbani kimya, na kimya chake kilimtisha mama mkwe kuliko kelele zake zote. Redio ilikuwa juu na hakuna aliyeipunguza.

"Umekula nini leo, mbona umejikunyata?" bikizee akauliza.

Akamweleza. Saluni ile alikuwa ameianza na kiti kimoja cha kuazima. Wateja walimjua pale. Vioo, sinki, mabomba ya maji ya moto, vyote alivitia mwenyewe. Na yote hayo kwa ajili ya ndege asiyemjua.

"Unaogopa?"

"Naogopa, mama."

"Uliwahi kufanya jambo bila kuogopa?"

Bi Chanuo akafikiri. Siku ile ya kikao cha ndugu wa mume, vikombe vilikuwa vikigongana kwenye sinia kwa jinsi mikono ilivyokuwa ikimtetemeka.

"Hapana," akasema.

"Basi hili nalo ni kama mengine. Punguza redio, inanipigia kichwa."

Asubuhi alifungua dirisha wazi zaidi ya siku zote, akamwekea dereva stuli yake.

Makinda walikuwa wamebadilika. Ile pamba ilikuwa imepukutika, wamevaa manyoya ya kahawia, wanapiga mbawa kwenye ukingo mpaka roho za watazamaji zinapanda kooni. Wa kwanza aliruka asubuhi moja yenye upepo, akapepesuka, akaukosa ukuta kidogo tu, akatua juu ya paa la benki. Saluni nzima ililipuka kwa vifijo. Wa pili hakuwa na bahati. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo cha jengo jirani kilichoakisi mawingu, na alipoanguka alikuwa amekwisha kufa. Bi Chanuo alishuka kumchukua mwenyewe. Alimfunga kwenye taulo nyeupe, akapanda naye ngazi, na siku hiyo hakumtania mteja yeyote. Mwalimu wa chekechea alilia waziwazi, akifuta machozi kwa mkono wenye rangi.

Wa tatu alianguka siku ambayo jua lilikuwa la utosi na magari yamejaa. Bi Chanuo alikuwa anamsuka karani wa benki aliyekuwa na harusi ya dada yake siku inayofuata. Upande mmoja wa kichwa umekamilika, rasta nyembamba zimelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama wima.

"Kashuka!" dereva mstaafu akapiga kelele dirishani. "Yuko chini! Yuko barabarani!"

Bi Chanuo aliachia rasta katikati. Alishuka ngazi kama maji, ndala moja ikabaki njiani. Kinda lilikuwa limekaa katikati ya lami, mbawa limezitanua, mdomo wazi, linalitisha basi. Nyuma ya basi honi zilikuwa zikilia, na upande wa pili lori lilikuwa linakuja. Bi Chanuo akaingia mbele ya lori, akatanua mikono, aproni imejaa mafuta ya nywele.

"Simama!"

Breki zikalia. Dereva wa lori akatoa kichwa nje, akamwaga matusi ya kutosha mtaa mzima.

"Tukana ukimaliza uniambie," Bi Chanuo akamjibu, bila kusogea. "Mimi sina haraka."

Dereva mstaafu alifika akihema, akamrushia ndege taulo, akamfunika kichwa, akamshika vizuri kucha zisimfikie, akamtia kwenye boksi lenye matundu. Ndani ya boksi kukawa kimya. Wakavuka barabara, wakaingia ukumbi wa mapokezi wa mnara. Sasa kilichobaki kilikuwa ni kumpandisha paani, mahali wazazi wake watamwona na kumlisha.

Meneja alikuwa amekwisha kushuka. "Hakuna anayepanda."

"Mwanangu, mtoto huyu akikaa chini hataishi," dereva akaanza.

"Mpelekeni kwa watu wa wanyamapori. Paa langu silifungui. Nilikwisha sema."

Bi Chanuo akachukua boksi kutoka kwa dereva. Akatembea na ndala yake moja mpaka katikati ya ukumbi, pale sakafu inapong'aa zaidi, akaketi chini, akanyoosha miguu, akapakata boksi.

"Mimi pia nasema," akasema. "Sitoki hapa mpaka huyu apande."

Mlango ukafunguka, akaingia yule karani wa benki na nusu ya kichwa chake. Alikuwa amemfuata msusi wake tangu juu, anatweta. Akatazama hali, akakunja sketi, akaketi ubavuni kwake.

"Na mimi siwezi kwenda popote hivi nilivyo," akasema. "Kwa hiyo tuko pamoja."

Akafuata mwalimu wa chekechea. Wakafuata wengine. Wageni wa maofisi waliokuwa wakingoja lifti wakatoa simu zao. Meneja akamwita mlinzi wa mlangoni, baba mtu mzima ambaye kila asubuhi alikuwa akimpungia Bi Chanuo mkono.

"Mtoe huyu mama."

Mlinzi akasogea, akamtazama Bi Chanuo, akamtazama meneja. "Bosi, nimshike wapi?"

"Popote!"

"Hapo popote ndipo pananishinda, bosi. Ni dada wa watu, ni mama wa watu. Mimi nalinda mlango. Mlango uko salama."

Watu wakacheka kwa chini. Meneja akainama karibu na Bi Chanuo, akashusha sauti. "Unaelewa kwamba saluni huna tena?"

Alihisi kinda likijigeuza ndani ya boksi, kucha zinakwaruza kadibodi karibu na tumbo lake. Akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye lifti.

"Ulikuwa na fimbo moja ya kunitishia nayo, baba, na umeshanichapa nayo. Sasa umebaki mikono mitupu. Fungua paa."

Lifti ikafika, milango ikafunguka, waliokuwa ndani wakashindwa kutoka kwa jinsi watu walivyojaa, milango ikajifunga tena. Meneja akatazama simu zilizonyooshwa kumwelekea, akalegeza tai.

"Mpeleke," akamwambia mlinzi. "Upesi. Na yeyote akivunja kitu juu kule, ni juu yenu."

Paani palikuwa na upepo na joto la bati. Mlinzi alikuwa amebeba mwavuli, na alipoulizwa wa nini akasema watajionea wenyewe. Dereva alifungua boksi karibu na ukingo, wakarudi nyuma. Kinda likatoka limevimba kwa hasira, likawatazama wote kama kwamba wao ndio waliolitupa. Bi Chanuo akajisahau, akasogea mbele ya mwavuli ili aone vizuri. Hakusikia kitu. Alihisi tu kama mtu amempiga kofi la utosini, na kitu cha moto kikamtiririka juu ya sikio.

"Amekupata!" mlinzi akasema.

Bi Chanuo akagusa kichwa, akatazama vidole vyake vyekundu. Juu yao kozi jike alikuwa anageuza kurudi, anapiga kelele kali za mfululizo. Wakakimbilia mlangoni wakisukumana. Huko ndani, kwenye giza la ngazi, Bi Chanuo akaangua kicheko mpaka akaegemea ukuta.

"Nimeachwa bila kazi kwa ajili yake," akasema, "na ahsante yake ndiyo hii. Safi sana, mama! Usimwamini mtu!"

Karani wa benki alimaliziwa kusukwa jioni ileile, na msusi mwenye kitambaa kichwani. Kinda lililishwa paani kabla jua halijazama; mwalimu wa chekechea aliliona kwa darubini likinyang'anya nyama kutoka kwa baba yake.

Meneja alitimiza neno lake. Mwezi ulipoisha, vioo na viti vilishushwa ngazi moja moja, na wateja ndio walioshusha. Saluni ikahamia sebuleni kwa Bi Chanuo, sofa likasogezwa ukutani, na mama mkwe akajipa kazi ya mapokezi. Aliwauliza wateja wana watoto wangapi na kwa nini, na aliwaambia wazi ni mtindo gani hauwafai. Wengine walichukia, wakarudi kwa sababu hakuna aliyesuka kama Bi Chanuo. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, hilo hakulificha. Shemeji zake walipita kumpa pole yenye kijiba ndani yake, wakimwambia ameponzwa na ndege.

"Sikuponzwa na mtu," akawajibu. "Nilichagua. Ninyi mmechagua nini mwaka huu?"

Mnara nao ulioshwa, ukapakwa rangi, na ule ukingo ukafungwa wavu wa chuma. Watu wa wanyamapori walikuja hatimaye, wakapiga picha wavu, wakaondoka. Dereva mstaafu alisema makozi huenda wakahama mji kabisa, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

Msimu uliofuata ulipoanza, Bi Chanuo alikwenda kila asubuhi kabla ya wateja, akasimama kando ya duka la miwani na kutazama juu. Makozi walikuja. Walizunguka ule wavu, wakaupiga kwa miguu, wakakaa mbali wakiutazama. Kisha wakahamia upande wa mbele wa mnara, kwenye herufi kubwa za jina la kampuni, wakataga nyuma ya herufi ya katikati. Kufikia wakati makinda walipoanguliwa, herufi ile ilikuwa na michirizi myeupe kuanzia juu hadi chini, na haikuweza kusomeka.

Bi Chanuo akanunua kiti cha kukunja, akakiweka barabarani mkabala na mlango. Siku ya kwanza tu meneja akatoka.

"Mama, hapa ni njia ya watu. Hairuhusiwi kukaa."

Bi Chanuo akainuka bila ubishi, akakunja kiti, akakisogeza hatua chache mpaka kwenye mti wa manispaa, akakikunjua tena na kuketi. Akampa darubini.

"Wako wanne mwaka huu," akasema. "Hesabu mwenyewe, usije ukasema nakudanganya."

Meneja hakuipokea. Lakini kabla ya kugeuka kurudi ndani aliinua uso, akakinga jua kwa mkono, na akakaa hivyo muda mrefu kidogo kuliko alivyokusudia. Mlinzi, mlangoni, alikuwa tayari amekwenda kutafuta mwavuli.